Bima ya ajali binafsi: mwongozo kamili kwa mtu wa bodaboda, wa ziwani na wa jua kali

Binamu yangu alikuwa mwanabodaboda huko Kisumu, kati ya Kondele na Mamboleo. Alilipia bima ya ajali miaka miwili bila kuruka mwezi hata mmoja. Siku lori lilipomsukumia mtaroni na mguu ukavunjika mara mbili, tulipeleka kila karatasi iliyotakiwa. Baada ya wiki sita tukajibiwa kwamba hakuna fidia. Hati yake, ukurasa wa tano, ilisema majeraha yanayotokana na kuendesha au kupakiwa kwenye pikipiki hayamo. Na ajenti aliyemuuzia alimpata stejini, ameketi juu ya pikipiki hiyo hiyo.

Kisheria kampuni haikuwa imevunja neno lake. Neno lenyewe ndilo hatukuwa tumelisoma. Tangu siku hiyo nimesaidia jamaa na wanachama wa chama chetu kusoma hati zao na kujaza madai, na nimejifunza kwamba bima hii hailipi ajali kwa jumla. Hulipa ajali iliyoelezwa na maneno ya hati, basi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusoma kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza: ijue bima hii, usiichanganye na nyingine

Bima ya ajali binafsi hutoa kiasi kilichokubaliwa mapema iwapo ajali itakuua, itakukata kiungo, itakupofusha au itakulemaza. Marekani huuzwa kwa jina la AD&D, na huko mpangilio wa kawaida ni mwepesi kukumbuka: kifo, au kupoteza viungo viwili au macho yote mawili, hulipwa kiasi chote; mkono mmoja, mguu mmoja au jicho moja hulipwa nusu; kidole gumba pamoja na cha shahada cha mkono huo huo, robo. Hapa Kenya hati nyingi zina jedwali refu zaidi, na mara nyingi huongeza malipo ya kila wiki unapouguza jeraha, gharama za matibabu hadi kikomo fulani, na pesa za mazishi.

Haiulizi nani mwenye makosa, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Gari likikugonga Nyamasaria usiku likatoroka, hakuna wa kumshtaki, lakini bima yako ya ajali binafsi inalipa.

Watu wengi huniambia, "Mimi nina bima tayari." Nikiuliza ipi, napata moja kati ya hizi. Ya kwanza ni SHA, bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hiyo hulipia hospitali. Haikupi hela kwa sababu umepoteza vidole. Ya pili ni ile ya pikipiki, stika ya "third party". Hiyo inalazimishwa na sheria, Sura ya 405, na inawalinda watu unaoweza kuwaumiza wewe. Wewe mwenyewe uliyeshika usukani haikuhusu. Ya tatu ni bima ya mkopo: ukifa, aliyekukopesha pikipiki analipwa salio lake, na familia inabaki mikono mitupu ila bila deni. Ya nne ni bima ya mazishi, ambayo hulipa hata kifo cha maradhi lakini kiasi chake huishia matangani.

Iko na WIBA, na hii nitaipa nafasi zaidi kwa sababu wafanyakazi wengi hawaidai.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akukatie bima. Mfanyakazi akifa kazini, au akilemaa asilimia 100, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Ukipata KSh 20,000 kwa mwezi, hiyo ni KSh 1,920,000. Ulemavu wa asilimia 30 hupata asilimia 30 ya hesabu hiyo. Mwajiri anapaswa kuripoti kifo kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSH, ndani ya saa 24, na jeraha ndani ya siku 7. Dai lenyewe lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12. Kama unakata miwa Muhoroni au unafanya kazi kwenye karakana ya mtu na umeajiriwa, hii ni haki yako hata kama hukuwahi kuweka sahihi karatasi yoyote ya bima.

Kumbuka pia jambo ambalo maajenti wenyewe husahau kulieleza. Fidia ya kifo au ya kiungo katika bima ya ajali binafsi si marejesho ya hasara, ni kiasi kilichoahidiwa. Kwa hiyo ukiwa na hati mbili za kampuni mbili, zote mbili zinalipa. Ukilipwa WIBA, bado unadai bima yako mwenyewe. Gharama za matibabu peke yake ndizo hurejeshwa kwa risiti, na risiti moja hailipwi mara mbili.

Hatua ya pili: hesabu ulizo nazo kabla ya kununua nyingine

Chukua karatasi. Mwulize mwajiri kama kuna bima ya ajali ya kikundi. Mara nyingi kiasi chake hutajwa kwa mishahara ya miaka kadhaa. Uliza sacco yako. Uliza chama cha waendeshaji wa steji. Uliza benki kuhusu kadi yako. Uliza shule ya mtoto. Andika jina la kampuni, namba ya hati, kiasi na tarehe ya mwisho. Karatasi hiyo mwonyeshe mtu mmoja nyumbani. Nimekaa na wajane ambao hawakujua kabisa kwamba mume alikatwa bima kupitia sacco miaka yote hiyo.

Hatua ya tatu: omba hati kamili, usome maana ya ajali

Karatasi ya rangi yenye picha ya familia ikicheka si mkataba. Omba hati yenyewe. Ajenti akisema utaipata baada ya kulipa, mwambie utalipa baada ya kuipata. Na kama Kiingereza chake ni kizito, tafuta mwalimu au wakili akufafanulie. Wapo watakaofanya hivyo kwa kikombe cha chai.

Maana ya ajali kwa kawaida ni jeraha la mwili lililosababishwa moja kwa moja na kitu cha nje, cha ghafla na kisichotarajiwa, bila sababu nyingine kuchangia. Kila neno hapo lina uzito. Malaria si ajali. Kiharusi si ajali, hata kama kimekupata ukiwa juu ya baiskeli. Hapo huzuka swali gumu: mvuvi wa Dunga anapata mshtuko wa moyo ndani ya mashua, anaanguka majini, anakufa. Aliuawa na moyo au na maji? Kampuni itangojea ripoti ya daktari wa upasuaji wa maiti, na ripoti hiyo ndiyo itakayoamua.

Kuhusu ziwa kuna jambo jingine linalouma zaidi. Mashua inapozama na mwili usipatikane, sheria yetu ya ushahidi inaruhusu mtu kudhaniwa amekufa baada ya kutosikika kwa miaka 7. Miaka 7 ni mingi kwa mama mwenye watoto wadogo. Baadhi ya hati zina kifungu cha kupotea, kinachosema kwamba chombo kikizama au gari likitumbukia na mwili usionekane kwa muda uliotajwa, mara nyingi mwaka mmoja, kifo kitahesabiwa kuwa cha ajali. Kama wewe ni mtu wa maji, kuanzia Usenge hadi Mbita, usikubali hati isiyo na kifungu hicho bila kwanza kukiomba.

Angalia pia muda. Hati nyingi hulipa kifo kikitokea ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Nyingine zina muda mfupi zaidi, nyingine mrefu. Mtu anaweza kulala kitandani zaidi ya mwaka kwa sababu ya uti wa mgongo, kisha akafa, na familia ikaambiwa muda umepita. Ulemavu wake, hata hivyo, ulipaswa kudaiwa mapema akiwa hai. Usingoje.

Hatua ya nne: tafuta neno pikipiki

Fungua sehemu ya yasiyolipwa. Humo utakuta vita, kujiua, kujiumiza makusudi, uhalifu, mashindano ya magari, ulevi na dawa za kulevya, na maradhi ya zamani. Haya yako karibu kila mahali. Kuhusu ulevi, elewa kwamba damu huweza kupimwa hospitalini au wakati wa upasuaji wa maiti, na busaa ya matangani huhesabiwa sawasawa na bia ya baa.

Halafu tafuta pikipiki. Hati nyingi za ajali binafsi huiondoa: wakati mwingine kwa dereva tu, wakati mwingine kwa dereva na abiria, wakati mwingine kwa pikipiki inayozidi ukubwa fulani wa injini. Katika nchi ambako watu husafiri kwa magari pengine hilo halina uzito. Kwetu mwalimu huenda shuleni kwa boda, mama mwenye mimba huenda kliniki kwa boda, na mazao hufika Kibuye kwa boda. Hati inayoondoa pikipiki humwondoa mtu wa Magharibi mwa Kenya barabarani karibu siku yake nzima.

Uliza maswali matatu na utake majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya kampuni: Je, nikiendesha pikipiki nalipwa? Je, nikipakiwa nalipwa? Je, nikiitumia kubeba abiria kwa malipo nalipwa? Swali la tatu ndilo lililomwangusha jirani yangu mmoja. Pikipiki ya matumizi ya kibinafsi ilikuwa imekubaliwa. Ya kibiashara haikuwa.

Mara nyingi kampuni hukubali kuirudisha pikipiki kwa nyongeza ya malipo. Nyongeza hiyo iandikwe kwenye hati, isiwe ahadi ya mdomo. Na ukishaipata, mlango unaobaki wazi wa kukunyima ni leseni na helmeti. Leseni iliyokwisha muda wiki mbili kabla ya ajali inatosha kulifuta dai zima.

Hatua ya tano: soma jedwali la viungo ukiwa na kikokotoo

Tuseme umekatiwa KSh 600,000, na jedwali linasema kidole gumba ni asilimia 25 na cha shahada asilimia 10. Fundi wa mbao mashine ya kuranda ikamkata vyote viwili: 150,000 na 60,000, jumla KSh 210,000. Hati nyingine hutoa asilimia tofauti kwa mkono wa kulia, au kwa mkono unaoutumia zaidi. Kama unatumia wa kushoto, hakikisha imeandikwa.

Soma kwa makini maana ya kupoteza. Hati kali husema kiungo lazima kikatike kabisa, mkono kwenye kifundo au juu yake, mguu vivyo hivyo. Hati nzuri huongeza maneno ya kupoteza matumizi kabisa na kwa kudumu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko asilimia zote. Madaktari wetu hujitahidi kuokoa kiungo, na ni vyema, lakini mkono uliookolewa ukabaki umekauka, usioshika randa wala nyundo, chini ya hati kali haupati chochote. Kwa fundi wa mikono, hii ndiyo sentensi ya pili ya kutafuta baada ya pikipiki.

Malipo ya kila wiki nayo yana masharti. Yana kikomo, mara nyingi wiki 52 au 104. Siku za mwanzo huweza kutohesabiwa. Kiasi hakizidi mapato yako halisi, na mtu wa jua kali hana hati ya mshahara. Suluhisho ni kuweka rekodi: taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, daftari la mauzo, akiba ya sacco. Bila hizo utalipwa kidogo kuliko ulivyokatia.

Hatua ya sita: chagua kiasi, kisha lipa mahali panapostahili

Mimi huanza na swali hili: nikilala mwaka mzima bila kazi, nyumba inahitaji shilingi ngapi? Kodi, karo, chakula, marejesho ya mkopo. Zidisha kwa miaka miwili au mitatu. Usiongozwe na kiasi cha kifo peke yake, kwani wengi wa niliowasaidia walikuwa hai, wamelemaa, na bado wanalisha watu.

Bei hutegemea kazi. Karani huwekwa daraja la chini la hatari, msimamizi daraja la kati, welda na mwanabodaboda la juu. Sema kazi yako ya kweli, na ya pili pia. Mwalimu wa Vihiga anayeendesha boda Jumamosi akijiandika mwalimu tu, ajali ya Jumamosi itamgharimu. Ukibadilisha kazi katikati ya mwaka, iarifu kampuni kwa barua.

Juu ya malipo ya bima huongezwa ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa Mfuko wa Fidia wa Wenye Bima wa asilimia 0.25, na stempu ya KSh 40. Bima ya KSh 3,000 basi ni KSh 3,053.50. Ukidaiwa zaidi ya hapo, ulizia kila shilingi ni ya nini. Mfuko huo wa fidia upo kwa ajili ya siku kampuni inapoanguka.

Kabla ya kutoa pesa, tafuta jina la kampuni na la ajenti katika orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Lipa kwa namba ya kampuni ya Paybill, kamwe si kwa simu ya ajenti, hata akiwa shemeji yako. Sheria ya Bima inataka malipo yapokelewe ndipo bima ianze, kwa hiyo pesa iliyokwama mfukoni mwa ajenti ni sawa na kutokuwa na bima.

Mtaje mnufaika kwa jina kamili na namba ya kitambulisho. Mwenye nyumba mbili agawe kwa asilimia, mwenyewe, akiwa hai. Najua ni mazungumzo mazito mezani, lakini nimeona mazishi yakisimama kwa sababu yake. Usipomtaja mtu, pesa huingia katika mirathi, na familia italazimika kwenda kortini kutafuta idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Ukimtaja mtoto mdogo, taja pia mtu mzima atakayemshikia.

Hatua ya saba: siku ya ajali na wiki zinazofuata

Okoa uhai kwanza. Baada ya hapo, mtu mmoja wa familia apewe kazi ya karatasi, na asiwe yule anayelala hospitalini.

Ripoti polisi siku hiyo hiyo upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha abstrakti, karatasi ya polisi inayothibitisha ajali. Hospitalini, iwe Kakamega au pale hospitali ya rufaa ya JOOTRH, Kisumu, ambako wazee bado wanapaita Russia, mwombe daktari aandike chanzo cha jeraha waziwazi: "alianguka kutoka kwenye pikipiki", si "maumivu ya mguu". Maneno kama hayo ya mwisho, yaliyoandikwa na karani wa mapokezi, yamewahi kuchelewesha dai kwa miezi. Tunza fomu ya kuruhusiwa, picha za eksirei, na kila risiti.

Iarifu kampuni mara moja kwa maandishi. Hati hutaja siku, mara nyingi 14 au 30. Hata kama hujapata abstrakti, taarifa itangulie; karatasi zitafuata. Baruapepe ni bora kuliko simu kwa sababu inabaki na tarehe.

Kwa kifo, usiharakishe mazishi kabla ya upasuaji wa maiti. Najua wazee wengi hawaupendi, na kwa Waislamu muda ni mfupi. Zungumzeni na daktari na polisi saa zile zile za kwanza. Bila ripoti hiyo kampuni inaweza kusema ni maradhi, na mwili ukishazikwa ni vigumu mno kujibu. Baadaye mtahitaji kibali cha mazishi, cheti cha kifo, vitambulisho vya marehemu na vya mnufaika, na barua ya chifu inayowataja warithi. Toa nakala tano za kila kimoja. Asili usiiache ofisini kwa mtu.

Kama mwenye gari lingine ndiye aliyekosea, mna pia haki ya kumdai kupitia bima yake, na kesi hiyo ina miaka mitatu tu. Baada ya ajali ya makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023, iliyoua zaidi ya watu 50, niliwasihi wote niliowajua wafungue madai yote mawili kwa pamoja. Kupokea bima ya ajali binafsi hakukufungii njia hiyo. Soma tu vizuri karatasi ya mwisho kabla ya kuweka sahihi: iseme unamaliza dai la hati hiyo pekee.

Na kama marehemu hakuacha karatasi yoyote lakini mnashuku alikuwa na bima, pitieni M-Pesa yake mkitafuta Paybill inayojirudia kila mwezi. Kisha tafuteni jina lake kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Fidia za bima ambazo hazikudaiwa huishia huko.

Hatua ya nane: ukikataliwa

Usikubali kukataliwa kwa simu. Taka barua inayotaja kifungu hasa. Mara nyingi, wakitakiwa kuandika kifungu, hukuta hakipo. Ukipata barua, linganisha na hati yako neno kwa neno, kisha jibu kwa maandishi ukiambatisha ushahidi. Kama ni asilimia ya ulemavu mnayobishania, tafuta daktari wa pili; wa kampuni si wa mwisho.

Wakisimama pale pale, peleka malalamiko IRA, jumba la Zep-Re Place, Upper Hill, Nairobi. Hulipi chochote, na si lazima usafiri, baruapepe inatosha. Angalia pia kama hati ina kifungu cha upatanishi, kwa sababu mahakama inaweza kukurudisha huko kwanza. Kwa madai yasiyozidi KSh 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kisumu ipo, Nakuru pia.

Binamu yangu hakushinda dai la pikipiki. Lakini tuliposoma hati ile mara ya tatu, tulikuta sehemu ya gharama za hospitali ilikuwa chini ya kifungu tofauti, kisichoitaja pikipiki. Tukaandika barua nyingine. Walilipa risiti 11 kati ya 14.